Kaseti Aliyoisahau Kadzo

Barani, Malindi. Jumamosi, mwezi wa tatu, 1986. Jua kali tangu asubuhi, na hakuna jani linalotikisika.

Jambo hili sijapata kumwambia mtu, wala Mama, wala dada yangu aliyeolewa Mambrui, ambaye mimi humwambia karibu kila kitu. Namwonea wivu Kadzo.

Si wivu wa leo. Ninao tangu kidato cha kwanza, na sasa tuko cha tatu. Kwao ni Ganze, lakini anakaa kwa shangazi yake nyumba ya tatu kutoka kwetu ili apate kusoma shule ya kutwa hapa mjini. Twaenda pamoja, twarudi pamoja. Ni rafiki yangu, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Adui ningemchukia nikapumzika.

Mimi ndiye ninayesoma vitabu. Vya kabati la shule nimevimaliza, hata kile cha ufugaji wa nyuki. Kadzo husoma akilazimika. Lakini akisimama darasani watu hugeuza viti wamtazame. Nikisimama mimi huketi kabla sijaifikia hoja. Hata hapa nyumbani ni hivyo hivyo. Akiingia na shikamoo yake, Mama huitikia marahaba kwa sauti ya sikukuu, kisha huniambia mimi, "Rukiya, mletee mwenzio mahamri."

Mwenzio. Mahamri niliyoyakaanga mimi.

Muhula huu wivu umepata chakula kipya. Mwalimu Katana wa hesabu ameleta kompyuta shuleni. Ni ya nduguye, baharia, aliyeinunua ng'ambo akamwachia kabla hajarudi melini. Ukiitazama ni kama taipureta iliyosahau karatasi. Huunganishwa na televisheni ya shule, na haijui kufanya lolote mpaka uisomeshe kwa kaseti, kaseti hizi hizi za nyimbo. Unaitia kaseti ndani ya redio, inapiga ukelele wa kuumiza masikio, na ukimya ukirudi mashine inajua kazi.

Kaseti ni mbili tu, nakala za yule baharia. Moja huifundisha mashine kuandika na kusahihisha maneno. Ya pili huifundisha kuweka majina na hesabu, kuyapanga na kuyakumbuka. Mwalimu alisema chumba ni kimoja, stima yenyewe ya kubahatisha, na wanafunzi ni wengi, basi tuchague programu moja tuisome sawasawa muhula huu. Akaruhusu tujadiliane kwenye ubao wa matangazo.

Sijaona ubao ukinenepa vile. Mtu anabandika karatasi, mwingine anabandika jibu chini yake, wa tatu anamjibu aliyejibu, mpaka karatasi zikawa zinaning'inia kama nguo kambani. Wengine waliiacha mashine wakamshika mwandishi: "Aliyeandika haya hata kugawanya hajui." Mmoja aliuliza kompyuta ya nini na mfereji wa maabara hautoi maji. Mwingine akaandika serikali izipige marufuku kabla hazijawatoa makarani kazini. Bi Amina, karani wetu wa shule, aliisoma karatasi hiyo mikono kifuani, akauliza kwa sauti, "Na hiyo mashine itamchemshia mwalimu mkuu chai?" Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka.

Mimi niliandika pia, kwa jina la kubuni. Nilijiita Mkaaji wa Barani. Nilisema tuchague programu ya kuandikia: tuchape gazeti letu, tuhifadhi mashairi na insha zinazoishia kufungiwa karanga. Niliandika vizuri, najua niliandika vizuri, maana Mwalimu Katana alisimama mbele ya ubao akasema, "Huyu anafikiri." Nilipita nyuma yake na vitabu vyangu kama sikusikia. Siku ile sikuhisi hata njaa.

Jioni njiani Kadzo akaniambia, "Huyu Mkaaji wa Barani ni mzee, nakwambia. Ana mvi na kikohozi. Anaandika kama hotuba ya msiba."

Nikacheka naye. Nilicheka!

Kisha akabandika yake. Mistari imepinda kama njia ya mbuzi, na chini jina lake zima, kubwa, Kadzo. Na juzi Alhamisi, Mwalimu alipotukusanya tujadiliane kwa midomo kabla ya kupiga kura, akasimama bila karatasi.

"Kwetu Ganze lori la maji likija, mama yangu hupanga foleni tangu alfajiri," alisema. "Maji yakifika kwake anaambiwa, wewe umeshachukua. Hajachukua! Lakini nani anakumbuka? Anakumbuka yule mwenye kupenda kukumbuka. Mashine hii ikiwekwa jina la mama yangu na madebe yake, itasahau kwa sababu hatuna undugu nayo? Mkaaji wa Barani anataka mashairi. Mimi nayapenda mashairi. Lakini mama yangu harudi nyumbani na shairi kichwani."

Darasa likapiga makofi. Bi Amina aliyesimama mlangoni akapiga pia. Nami nikapiga, maana aliyeketi kando yangu alikuwa ananitazama.

Kushindwa hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba alisema jambo ambalo mimi, na vitabu vyangu vyote, halikunipitia kichwani hata mara moja. Nyuki nawajua. Foleni ya mama yake, ambaye nimekula mahindi ya shamba lake, sikuifikiria.

Upande wake ukashinda kura. Mwalimu akampa ile kaseti ya hesabu aitunze, akasema Jumatatu yeye ndiye atakayeketi wa kwanza mbele ya mashine. Kisha akauliza nani kwao kuna redio kaseti nzima, kwa sababu ile ya shule inatafuna kanda. Nikainua kidole. Basi Jumatatu Kadzo ana kiti, na mimi nina mzigo.

Jana alasiri alikuja tuijaribu. Tuliiwasha redio ya Baba, kaseti ikalia, na Mama akauliza kutoka jikoni, "Mnachinja nini huko?" Tulikuwa bado tunacheka, mtoto wa shangazi yake alipopiga kelele dirishani, "Kadzo! Maji yametoka!" Bomba la mtaa lilikuwa kavu kwa siku kadhaa. Kadzo alikurupuka, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akakimbilia jerikeni.

Kaseti ikabaki ndani ya redio.

Leo ni siku ya hina ya binamu yangu Salma, mtaa wa pili. Mchana huu Khala Nuru, mdogo wake Mama, alikuja kuchukua redio ya kurekodia nyimbo za wanawake. Kwetu harusi haina kaseti zake. Zinakusanywa nyumba hadi nyumba, na ile isiyoandikwa jina la mwenyewe ni halali ya harusi. Hakuna anayegomba. Kaswida za mjomba zimeshafutwa kwa vigelegele, na mjomba mwenyewe huvisikiliza.

Khala akabonyeza kuisikiliza iliyokuwa ndani. Ukelele ukajaa chumba.

"Yallah! Hii imeoza. Inalia kama paka aliyekanyagwa mkia."

"Ya nani?" Mama akauliza, pini za buibui mdomoni.

"Haina jina."

"Basi itwae."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, na pasi ya makaa mkononi. Mama hakuniuliza mimi. Angeniuliza ningesema. Nadhani ningesema.

Khala akaitoa, akaitumbukiza mkobani pamoja na nyingine, akabeba redio, wakaondoka. Mimi nikasema nitafuata nikimaliza kupiga pasi. Nguo zimekwisha. Nimekaa naandika.

Kaseti ile ikirekodiwa, inabaki moja tu. Ya kuandikia. Yangu. Baharia yuko baharini, hakuna wa kutoa nakala nyingine. Sitakuwa nimefanya lolote. Sikuiiba, sikuivunja, nilikuwa napiga pasi. Jumatatu Mwalimu atamwuliza Kadzo kaseti iko wapi, na darasa zima litageuza viti limtazame, safari hii akiwa hana la kusema.

Nimelirudia wazo hilo mara nyingi. Ni tamu. Sitajidanganya humu kwamba si tamu.

Lakini namjua Kadzo. Hatasema aliiacha kwa Rukiya. Atasema, "Ni mimi, Mwalimu, nilisahau." Atasema hivyo hivyo, mbele ya watu, kwa sauti yake ile. Na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Hata hapo atakuwa amenishinda.

Na mama yake atasimama kwenye foleni vile vile. Najua mashine ya shule haitafika Ganze kesho wala keshokutwa. Najua. Lakini sasa kila nikifumba macho namwona na madebe yake, nami sitaki kumwona.

Ngoma zinasikika hadi hapa. Wameanza.

*

Nimerudi. Nywele zanuka udi, na sauti imenikauka.

Nilivaa buibui la Mama la zamani, nikaenda mbio nusu na mwendo nusu. Nyumba ya harusi ilijaa hadi barazani. Bibi arusi ameketi mkekani, mikono ameinyosha, hina mbichi. Wanawake wamezunguka, wanaimba na kupiga vigelegele, na Khala Nuru yuko upande wa pili wa chumba na redio mapajani. Kaseti ya kwanza ilikuwa imekwisha. Nilimwona akiitoa, akaingiza mkono mkobani, akaja na ile. Niliijua kwa ufa wake wa pembeni.

Nikaita, "Khala." Hakusikia mtu, hata mimi mwenyewe.

Akaitia, akafunga kifuniko. Kidole chake kilikuwa kinatafuta kitufe chekundu.

"KHALA NURU! USIREKODI HIYO!"

Ngoma ikakatika. Wote wakageuka. Sijapata kutazamwa na macho mengi namna ile, nayo yote yalikuwa na wanja. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, na nilihofu nikiufunga hautafunguka tena.

"Ni ya shule," nikasema. "Haikuoza. Ndivyo inavyolia. Ina hesabu ndani yake. Ni ya Kadzo."

 Mama mmoja mnene akasema, "Lo! Kumbe mtoto huyu ana sauti! Miaka yote nadhani ni bubu."

"Sauti yenyewe ya kufukuzia kunguru," mwingine akamjibu, na chumba kizima kikaangua kicheko, hata Salma, ambaye hakuruhusiwa kutikisika.

"Hesabu ndani ya kaseti!" Khala akasema, akiitoa na kuigeuza kama samaki anayemtilia shaka. "Mbona hukusema nyumbani, mama?"

Nikamwambia niliona haya. Ilikuwa kweli nusu.

Nilimwomba mwanamke aliyekuwa akichora hina pini yake moja. Mgongoni mwa kaseti pana vijino viwili vya plastiki, na nilisoma mahali kwamba vikivunjwa redio haikubali kurekodi juu yake. Nikavivunja. "Sasa umeiharibu kweli," Khala akasema. Nikasema hapana, sasa ndiyo salama. Alinitazama kidogo, kisha akachukua kaseti nyingine mkobani na ngoma ikarudi.

Nikamfuata Kadzo bombani. Alikuwa amekalia jerikeni yake, anawachekesha waliokuwa mbele na nyuma yake, kama kawaida. Nikampa kaseti. Alishika kichwa.

"Mungu wangu, msena!" Kwao msena ni rafiki. "Niliiacha?"

Nikamsimulia ya Khala na paka aliyekanyagwa, akacheka hadi akapoteza nafasi yake kwenye foleni. Sikumsimulia ule muda niliokaa nyumbani nikiandika. Labda nitamwambia. Leo sikuweza.

Nilimwambia jingine. Nilimwambia Mkaaji wa Barani ni mimi.

Aliacha kucheka. Akanitazama kutoka miguuni hadi kwenye ushungi. "Mzee wa mvi!" akasema polepole. Kisha: "Basi Jumatatu njoo unijibu kwa mdomo, Rukiya. Nataka nikushinde nikikuona."

Nikamwonea wivu hata kwa jibu hilo. Ningekuwa mimi ningeomba radhi kwa ule mzaha wa hotuba ya msiba.

Zamu yake ilipofika nikamtwika maji, nikaja nyumbani. Nimemlisha mdogo wangu, nimezipanga nguo. Kisha nimechukua karatasi safi nikamjibu Kadzo. Nimeandika kwamba hoja yake ni ya kweli na mimi sikuifikiria. Nimeandika pia kwamba siku mashine itakaposema mama yake hajachukua maji, na mwenye lori akapuuza, itabidi mtu aandike barua ya malalamiko, na aiandike vizuri, isomwe hadi mwisho. Kwa hiyo bado sijakubali.

Chini nimetia jina langu zima. Mkono uliteleza kidogo kwenye R. Karatasi nimeikunja, nimeiweka mezani pamoja na mawe mapya ya redio, betri zake, tayari kwa Jumatatu.