Dada Anasema Nimemvaa Kabla Hajafa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba unijibu upesi, maana mbio zenyewe ni Jumamosi.

Mimi ni karani wa mapokezi katika ofisi moja, nina mume na watoto, na nina dada mmoja tu, ambaye ndiye mama yangu pia, kwa sababu mama alipofariki mimi hata kutembea nilikuwa sijatembea sawasawa, dada akaacha shule akaenda kujifunza kushona magodoro, akanilea na kunisomesha kwa magodoro hayo, mchana kutwa anashindilia usufi katika chumba kisicho na dirisha, jioni anarudi nyusi nyeupe kama bibi kizee, nami namcheka. Yeye ndiye aliyenipa jina la Kambuzi, maana kila kilichosimama nilikipanda, meza, kabati, geti la watu. Sasa vumbi la usufi ule limemkalia kifuani. Hospitali wamefanya walichoweza, mwisho daktari akatuita kando, mimi na binti wa dada, akasema mapafu haya hayatengenezeki tena, mpelekeni nyumbani mkakae naye karibu. Nyumbani kwenyewe ni ghorofa ya nne, jengo halina lifti, na tangu walipompandisha wamembeba kwenye kiti hajashuka tena.

Ndipo nikasikia kuna mbio za hisani za kupanda ngazi, kwenye lile jengo refu kuliko yote hapa mjini, unapanda kwa miguu yako mpaka juu kabisa, na michango inanunua mashine za oksijeni za wagonjwa kama dada. Nikajiandikisha palepale. Mshauri, sikufichi, haikuwa kwa ajili ya wagonjwa peke yao. Dada ana neno lake juu yangu, husema, "Kambuzi ni bingwa wa kuanza," na ni kweli, nilianza ushonaji nikaacha, nikaanza chuo cha jioni nikaacha, hata sweta niliyomfumia mwanangu wa kwanza mpaka leo ina mkono mmoja. Nikasema hii nitaimaliza, na dada ataniona nikiimaliza kabla hajaenda. Kila nikitoka kazini nikawa napanda na kushuka ngazi za ofisi na mwenzangu wa uhasibu mpaka magoti yanalia, na zile saa nilizokuwa nikipita kwa dada ndizo zikawa saa za mazoezi, nikajipa moyo kwamba yote ni kwa ajili yake.

Kosa la kwanza ni fulana. Nilichapisha fulana zangu na za wenzangu wa ofisini, kifuani picha ya dada enzi zile amenawiri, chini yake maandishi "Tunapanda kwa ajili yako Dada," picha zikasambaa kwenye simu za watu, na jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akapanda juu kumwonyesha. Dada akanipigia. Siku hizi akisema neno moja lazima avute hewa ndipo aseme la pili. Akasema, "Kambuzi. Fulana za picha. Huvaliwa na waliofiwa. Mmenivaa. Na mimi bado nipo?" Nikacheka, mshauri, na sijui kwa nini nilicheka.

La pili ndilo linaloniua. Jumapili nilikwenda kumwomba radhi, nikazipanda zile ngazi mbio kwa mazoea, nikafika mlangoni nahema, nikaona haya kuingia ninahema kwa kupenda kwangu mbele ya mtu anayehema kwa sababu hewa haimtoshi, nikasema ngoja nishushe pumzi kwanza. Nikasimama. Nikamsikia ndani anavyovuta hewa, anaitafuta, anaikosa, anaitafuta tena. Pumzi yangu ikarudi mahali pake, yake haikurudi. Nikageuka nikashuka, hodi sikubisha. Jana binti yake akanipigia, "Mama mdogo, mama anauliza, Jumapili kuna mtu alipanda, akahema mlangoni, halafu akashuka. Anasema huyo mtu anahema kama Kambuzi. Ni wewe?" Nikajibu hapana, mimi nilikuwa mazoezini.

Sasa mume wangu anasema nisiende, wenzangu wanasema nikijitoa nimewaangusha, na mimi naogopa kwamba hii nayo nisipoimaliza dada ataondoka akinijua vilevile alivyonijua. Nikimbie au nisikimbie?

Kambuzi

*

Kambuzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilibidi nitafute leso. Haya, kulia tumeshalia, sasa tuzungumze.

Unaniuliza ukimbie au usikimbie. Mwanangu, hilo si swali, hilo ni pazia. Ngazi za ofisi umezipanda mpaka magoti yanalia, za jengo refu unaziota, za dada yako ndizo zimekushinda, tena juu ulifika! Ulibakiza kubisha hodi tu. Wewe huogopi ngazi, unaogopa kitanda kile. Hapo nakuelewa, na pole sana. Hakuna anayekizoea, na wanaosema wamekizoea wanakudanganya. Lakini kuogopa ni jambo moja, na kumtuma binti wa watu apeleke uongo kwa mama yake mgonjwa ni jambo jingine. Huyo binti analala na ile sauti, anaamka nayo, na hana jengo la kukimbilia. Umemfikiria?

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwako wewe usufi ule ulikuwa ada ya shule na nyusi za kuchekea, mwenzio yuko nao kifuani hadi leo. Hutamtua kwa kupanda ghorofa. Mashine zitanunuliwa, na waliochanga Mungu awalipe, hilo ni jema wala silidharau. Ila dada yako hakukuomba mashine. Yeye ameuliza, ni wewe?

Kwa hiyo Jumamosi hukimbii. Wapigie waandaaji leo, nafasi yako apewe mwingine, kwani watu walichangia wagonjwa, hawakuchangia miguu yako. Wenzako wapande na fulana tupu, zile za picha zikusanye zote. Yako ikunje uiweke chini kabisa ya kabati. Siku ya kuivaa itakuja yenyewe, usiivute. Najua utasema, mshauri, si nitakuwa nimeacha tena? Ndiyo, acha. Jengo lile mwakani litakuwa palepale. Dada yako, daktari ameshawaambieni.

Na hilo la bingwa wa kuanza, hebu lisikuumize hivyo. Mtu anayekutania ndiye aliyekulea, na sweta ya mkono mmoja ilimpa kicheko ambacho sweta nzima isingempa. Unataka akuone ukimaliza kitu? Kipo kimoja, mlikianza pamoja, yeye akiwa dada anayejifanya mama na wewe mgongoni kwake. Mwisho wake uko ghorofa ya nne, na hakuna wa kukupigia makofi huko.

Nenda leo, usingoje Jumamosi. Usinunue kitu, usiandae maneno. Panda kwa mwendo wowote utakaokujia, na ukifika mlangoni unahema, usisimame kushusha pumzi, bisha hodi hivyohivyo. Mtu anayelala kutwa anasikiliza ngazi alishakujua tangu ghorofa ya kwanza. Ukiingia, kaa kitandani, mshike mkono, na kabla hajauliza tena, mwambie, "Ni mimi, Dada. Na Jumapili nilikuwa mimi."