Alama Tano kwa Barua ya Kidawa

Jumatatu, 5 Januari

Barua thelathini na nane tangu asubuhi. Macho yanawasha. Umeme umekatika mara mbili, ukarudi, na barua zikarudi nao. Wiki ya tatu hii ya kuipima akili mnemba inayowaandikia watu barua za kuomba kazi. Mradi unaiita wakala. Mimi namwita Karani, maana anajipendekeza kama makarani wote niliowajua.

Fomu ina vipengele vitano: muundo, lugha, kulenga kazi, mafanikio, kujiamini. Kila kimoja alama moja.

Karani hakosei lugha. Miaka thelathini na moja nimefundisha Kiswahili, Makunduchi kisha hapa mjini, na sikupata mwanafunzi wa kuandika vile. Hilo ndilo linaloniudhi. Nahodha wa Kizimkazi ana "shauku isiyo kifani". Fundi bomba ana shauku isiyo kifani. Mlinzi, naye shauku. Nani Unguja hii ana shauku isiyo kifani ya kukaa getini? Wote nimewapa mbili.

Jumatano, 7 Januari

Msimamizi kapiga simu kutoka Dar es Salaam. Kijana mpole, ananiita mama. Alama zangu ziko mbali na za wapimaji wenzangu. Wao nne, tano, mimi mbili. Akaniambia napima barua, simpimi mtu. Nikamuuliza barua bila mtu ni nini. Akacheka, kisha akanikumbusha kuwa mkataba wangu unaangaliwa upya mwisho wa mwezi.

Nimekasirika mpaka Alasiri. Baada ya hapo nikaogopa. Tangu nistaafu hii ndiyo kazi ya kwanza inayonifanya nivae vizuri asubuhi, ingawa hakuna anayeniona.

Jumamosi, 10 Januari

Maji mafu, hakuna shughuli pwani, kwa hiyo Kidawa alipata nafasi ya kuja mjini. Nilimfundisha darasa la sita Makunduchi. Sasa ana miaka thelathini na sita, mjane, watoto watatu. Kiwanda kipya cha kusarifu mwani kinatafuta msimamizi wa ukaushaji. Simjui mtu anayejua kukausha mwani kumshinda yeye. Anashika fundo moja tu, anakwambia gunia zima litaota ukungu au halitaota.

Alikuja na barua aliyoiandika kwa mkono. Salamu, mistari minne. Kisha kwamba analima mwani tangu msichana. Kisha: "Kuhusu kazi yangu, tafadhali waulizeni wenzangu." Basi. Saini.

Kwao mtu hajisifu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hayo nilimfundisha mwenyewe.

Nikamwambia barua hii haifiki popote. Nikamchukua mpaka ofisi ya mradi, Michenzani, Karani amwandikie. Mimi nilibaki nje kivulini. Msichana wa ofisi aliuliza, Kidawa akajibu, mashine ikaandika. Alitoka na bahasha mbili, moja ya kupeleka, moja nakala yake. Akasema imepambwa mno, kaona haya kuisoma yote. Katia saini tu.

Jumanne, 13 Januari

Barua ya Kidawa imenijia niipime. Majina hufutwa, lakini mwani, Makunduchi, ukaushaji: nani mwingine?

"Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeongoza kikundi cha wanawake thelathini na kukifikisha kwenye mafanikio makubwa."

Kidawa hajaongoza mtu. Kile kikundi hakina mkubwa, wanashuka pwani pamoja na wanapanda pamoja. Bila shaka aliulizwa kama ana uzoefu wa kufanya kazi na watu, akasema wako thelathini. Karani akamalizia mwenyewe.

Fomu haiulizi kama ni kweli. Chini kuna nafasi ya maoni. Niliitazama muda mrefu. Nikafikiri pengine uongo huu ndio utakaomfungulia mlango. Nikafikiri pia kwamba alama zangu zingefanana na za wenzangu. La pili lilikuwa na nguvu zaidi.

Nimetoa tano. Nafasi ya maoni nimeiacha tupu. Simu ilikuwa mezani, sikumpigia Kidawa.

Ijumaa, 16 Januari

Msimamizi kanisifu, alama zangu sasa zimekaa sawa. Kidawa naye kaitwa kwenye usaili, Jumanne. Nimefurahi mara mbili. Nimejinunulia samaki, changu mzima, nikamkaanga, nikamla peke yangu.

Jumanne, 20 Januari

Kidawa kapiga baada ya Adhuhuri. Kaacha siku mbili za bamvua, maji yanapokupwa mbali na mwani kufikika, kwa ajili ya usaili huu, na bamvua haingoji mtu.

Walikuwa watatu mezani. Wakamsomea mstari ule, wakamuuliza aliwaongozaje wanawake thelathini.

"Sikuwaongoza," kawajibu. "Tulikuwa sote."

Nani basi aliyeandika? Mashine. Wakatazamana. Mmoja akamwambia kiwanda hakina haja na mtu ambaye karatasi yake inasema hili na mdomo wake unasema lile. Hawakumuuliza hata swali moja la mwani.

Hakulia. Aliniuliza tu, "Mwalimu, wewe uliiona?"

Nikasema sikuiona.

Nimeandika hapa kwa kuwa sina pengine. Nimemdanganya mwanafunzi wangu kwa simu, kwa sauti ya kawaida kabisa, na sikukwama hata kidogo.

Jumatano, 21 Januari

Nimempigia msimamizi. Nataka kushusha alama za barua ile. Haiwezekani, imeshafungwa. Isitoshe, kasema, imefaulu: mwombaji aliitwa kwenye usaili, na kazi ya barua inaishia hapo. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo anavyoona. Nikakata simu, nikarudi kwenye barua za siku.

Jumapili, 25 Januari

Mdogo wangu aliyeolewa Makunduchi kanipa habari. Mmoja wa wale watatu wa usaili aliisimulia barua ya Kidawa kama mzaha, kwenye duka la pale kijijini. Jioni ile ile wanawake wa kikundi walikuwa nayo.

"Kumbe sie tuna bosi," wanasema. Wamechukia. Wakishuka pwani hawamngoji tena. Miaka ishirini wameshuka pamoja, sasa anatangulia au anafuata nyuma, na kamba zake za mwani anazifunga peke yake. Na hao ndio aliotaka waulizwe.

Kazi angeweza kuikosa, watu hukosa kazi kila siku. Hili la wenzake hakulikosa, amenyang'anywa. Mkono wangu umo.

Ijumaa, 30 Januari

Barua arubaini na moja. Kwenye kila moja nimeandika maoni: mwulizeni mwenyewe kama ni kweli. Mchana ukaja ujumbe kwamba maoni yanayojirudia hayasomwi.

Alama, wanasema, ziko sawa. Mkataba umeongezwa miezi mitatu. Nilitaka kuukataa. Nimesaini. Mimi ni mwoga, na siwezi kukaa bure. Nilidhani uzeeni mtu hupata ujasiri.

Jumapili, 8 Februari

Nimekwenda Makunduchi. Kidawa alikuwa uani anafumua kamba za zamani. Alinipa shikamoo kwa adabu yake ya siku zote. Nikaitikia marahaba.

Nikamwambia. Barua niliiona. Alama tano nilitoa mimi. Uongo niliujua, nikaunyamazia. Aliendelea kufumua. Nikasubiri anifukuze, na ningeshukuru angenifukuza. Nikasema nitapita kwa wenzake nyumba kwa nyumba niwaeleze. Akasema nisende, nikienda watasema kanituma.

Akainuka. Kisha akaingia ndani akatoka na ile bahasha ya nakala. Mpaka leo hajaisoma yote. Akaniomba nimsomee kwa sauti, kama darasani.

Nikasoma. Shauku, uongozi, mafanikio makubwa, uwezo wa kuhamasisha wengine, mpaka wako mtiifu. Sikuruka neno. Alisikiliza kichwa kainamisha, mikono imetulia juu ya kamba.

"Mtu huyo," akasema, "hata mie ningemchukua."

Akaipokea karatasi, akaikunja vizuri, akairudisha ndani. Hakuichana. Akanitengea muhogo wa nazi na dagaa, tukala, na habari ya kazi hatukuitaja tena.