Utambi wa Siku Arobaini

Jumapili

Mke wangu Rehema amekufa. Alianguka jikoni, na leo tumemzika huku huku Guangzhou.

Alipoanguka, jirani alipiga simu ghalani. Aliyepokea ni msimamizi wangu, Shabani. Hakuniambia mpaka kontena la kwenda bandari ya Huangpu lilipojaa; nilipofika nyumbani, alikuwa ameshakata roho. Nimeyajua leo makaburini, jirani mwenyewe kaniambia. Na huyo huyo Shabani, kwa vile ndiye mwenyekiti wetu Waswahili wa hapa, kasimama kaburini analia, "Pole ndugu yangu, nimepoteza dada." Mnafiki mkubwa.

Pale ghalani tunapakia mizinga ya vita ya kuigiza ile ya Wazungu wa zamani, inaenda makumbusho Ulaya. Kuna mmoja mfupi, wanauita hauitza. Dada Neema anayetuandikia lebo anasoma historia chuoni. Juzi alinieleza kwamba ule haubomoi ukuta, unarusha tufe la chuma lipite juu ya ukuta. Ndani ya tufe kuna baruti, na utambi wa kuiwasha.

Nikamuuliza, "Utambi ukiwa mfupi?"

"Linakupasukia wewe mwenyewe, kaka."

Leo nilitaka kumpiga Shabani pale pale kaburini. Polisi wangenibeba mimi, yeye angebaki mwenyekiti. Huo ndio utambi mfupi.

Kaniomba asome risala siku ya arobaini. Nimemjibu, "Soma tu, mwenyekiti." Watu wote watakuwepo, jirani pia. Akimaliza kulia nitasimama, nimuulize habari za ile simu mbele yao.

Naogopa mdomo wangu tu, siku arobaini ni nyingi. Kesho narudi kazini, chini yake.