Mpishi Asiyejua Kupigana

Jumamosi, 3 Mei
Mchezo mpya wa hadithi umeanza leo, sebuleni kwa Mwalimu. Yeye ndiye msimulizi, sisi wanne kila mtu na mhusika wake, dadu ndiyo inaamua. Shemeji, mume wa mdogo wangu, kachagua shujaa wa shoka. Mdogo wangu, mpiga mishale — mumewe ndiye aliyemchagulia. Fundi cherehani, mganga. Mimi? Mpishi wa msafara. Haoni mbali, hajui kupigana, giza linamtoa jasho. Nguvu: moja kati ya kumi! Mwalimu akauliza kama nina hakika. Ninayo. Shujaa akikuta mlango anauvunja, basi. Mpishi itabidi abembeleze, adanganye, aombe msaada. Hapo ndipo raha ilipo.

Shemeji akasema huyu atatufia kabla chai haijapoa. Tulicheka mpaka fundi akapaliwa na biskuti.

Jumamosi, 10 Mei
Sijui hata niandikeje.

Mchezoni tulifika pangoni. Ndani kuna joka. Tukawa tunapanga namna ya kulitoa. Shemeji akasema tumfunge mpishi mlangoni, joka limfuate, sisi tulipige kwa nyuma. Vicheko. Hata mimi. Ukicheza mnyonge ujue utageuzwa chambo.

Mwalimu akauliza, kwa mzaha tu, je, akipiga kelele? Shemeji hakufikiri hata kidogo.

“Hapigi. Unamwekea taulo bichi mdomoni, unamkalia mikono kwa magoti. Mwanzo anarusharusha miguu. Ukimwambia polepole kwamba kosa ni lake, anatulia.”

Sauti ya mtu anayekuelekeza kukaanga yai. Fundi aliacha kucheka. Mwalimu akasema harakaharaka tupumzike, tunywe chai. Mdogo wangu alikuwa ameinamia meza. Sisi wote tulishtuka, yeye hakushtuka!

Pangoni kuna taulo gani?

Jumapili, 11 Mei
Nimempigia mdogo wangu. Dada, ule ni mchezo tu, kasema. Kisha nikamsikia shemeji huko nyuma akiuliza ni nani. Akamjibu: watu wa umeme. Akakata.

Mimi, dada yake wa tumbo moja, watu wa umeme.

Jumatano, 14 Mei
Shemeji kaja kazini kwangu, kwenye duka la miwani. Kaleta miwani ya mdogo wangu. Kioo kimoja kimepasuka, mkono wa fremu umepinda. Ameikalia, eti. Mzembe sana mke wangu huyu, kasema.

Nikashika bisibisi. Skrubu ikaniponyoka. Akainama akaniokotea — mtu mwenye adabu! Akaiweka kiganjani kwangu, akakifumba kiganja kwa vidole vyake, wala hakuachia upesi.

“Shemeji, badilisha yule mpishi wako. Wanyonge wanaharibu mchezo.”

Nikasema nitafikiria. Sauti yangu mwenyewe sikuitambua. Alipotoka nilijifungia chooni mpaka bosi akagonga. Naogopa. Naliogopa lile tabasamu lake. Na kinachoninyima raha zaidi — anajua kwamba nimejua.

Sibadilishi.

Jumamosi, 17 Mei
Niko dukani kwa fundi, mtaa wa nyuma ya nyumba ya Mwalimu. Fundi kasema andika yote wakati bado unayakumbuka. Basi naandika, japo kalamu inanikimbia.

Leo kabla hatujaanza, mdogo wangu alimwambia Mwalimu anataka mhusika mwingine. Shemeji akauliza nani kakuruhusu. Kwa kicheko, lakini aliuliza. Mdogo wangu akaendelea tu, macho kwa Mwalimu. Dobi wa msafara. Hana silaha. Hana nguvu.

“Anaogopa nini?” Swali ambalo Mwalimu hutuuliza wote.

“Anamwogopa anayelala naye hema moja.”

Kisha akanigeukia mimi. Machozi hana. “Mpishi, nifiche.”

Shemeji akasema hakuna kujificha, tupa dadu. Alikuwa bado anatabasamu, mishipa ya shingo imemsimama. Mwalimu akaniuliza taratibu sana: mpishi anafanya nini?

Dadu sikuigusa. Nikasema mpishi anamshika mkono dobi, wanatoka nje. Nikamshika kweli. Mkono wa baridi, baridi! Tukasimama. Fundi naye akasimama — mganga anakwenda nao, kasema, huku akichukua mkoba wake. Shemeji alipoinuka, Mwalimu alikuwa ameshasimama mbele yake. Mwembamba vile! Nikasikia kiti kikianguka. Sikugeuka.

Sasa tuko hapa, mlango wa chuma umeshushwa. Fundi yuko kwenye simu anawaelekeza polisi njia. Mwalimu nimempigia, hapokei. Nimempigia tena. Hapokei!

Gari limesimama nje.

Anabisha hodi. Polepole, kama mgeni. Mke wangu, anaita, toka tukayamalize nyumbani. Mdogo wangu kainuka. Nimemwambia kaa. Hakai. Anaenda mlangoni, Mungu wangu, anaenda —

Hajafungua. Ameikokota cherehani kubwa, ile ya kukanyaga, peke yake, ameiegemeza mlangoni. Amekaa juu yake.

“Siji,” kasema. Si kwa nguvu. Ila kila mtu kasikia.

Hodi imekoma. Gari halijaondoka.