Wifi na Winchi

Jumatatu, 3 Juni

Kazi mpya. Mteremko wa nyuma ya kiwanda cha mbao. Upepo umelaza miti yote kule kama njiti za kiberiti zilizomwagika, na sisi ndio wa kuivuta hadi barabarani, gogo kwa gogo.

Trekta letu ni dogo. Mume wangu alilibatiza Kijeba siku lilipoletwa na jina limeng'ang'ania. Dogo lakini lina kiburi. Mbele lina koleo la kunyanyulia magogo, nyuma lina winchi ya kuvutia kwa waya. Mtu mmoja anashuka bondeni na waya, anafunga mnyororo kwenye gogo, anatoka pembeni, ananyoosha mkono. Mwingine huku juu anavuta kamba nyekundu, gogo linapanda. Kamba ya kijani inaachia. Basi. Si elimu ya chuo kikuu.

Wa juu ni mimi. Wa bondeni ni wifi yangu. Hapo ndipo balaa.

Mwenyewe, yaani mume wangu, alianguka kutoka kwenye lori la mbao akavunjika nyonga. Sasa yuko kwenye kochi la sebuleni, mto huku mto kule. Dada yake akaja "kusaidia kidogo". Kidogo! Kaja na masanduku mawili na feni yake mwenyewe. Mtu wa kidogo haji na feni.

Sisemi naye, wala hasemi nami. Nilikuwa koridoni siku ile, mikono imejaa grisi, nikamsikia anamwambia kaka yake: sisi tulidhani umeoa mke, kumbe umeoa dereva. Na mwenyewe akacheka! Alicheka mpaka akashika nyonga kwa maumivu. Maneno ningeyameza. Kicheko kile ndicho kimenikaa kooni. Lakini utamnunia vipi mtu aliyelala? Nimemnunia aliyesimama.

Jumanne, 4 Juni

Mvua asubuhi, udongo unateleza. Tumefanya kazi siku nzima bila neno. Wala hatukukosea! Mkono juu — vuta. Ngumi — simama. Mikono miwili imepishana — achia. Ndiyo lugha pekee tuliyobaki nayo, na mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Amri yake ni moja: mkono usipoinuka, winchi haivuti, na mkono ukiinuka, vuta, usianze kuuliza maswali.

Nimegundua kitu. Akinyoosha mkono naweza kumchelewesha. Najifanya nakagua mafuta. Naye hawezi kuushusha maana kuushusha ni kusema hayuko tayari. Anasimama pale kama nguzo ya umeme, jasho linamtiririka. Nimekagua mafuta mara nyingi sana leo.

Mezani usiku nikamwambia mwenyewe amwambie dada yake chumvi iko karibu naye. Wifi akamwambia kaka yake amwambie mkewe kwamba ana macho. Mwenyewe akalalamika, kwani yeye amekuwa mnara wa simu? Hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimejifurahisha.

Mwenye kiwanda alikuja kutazama kazi. Tunamwita Bwana Futi, maana futi ya kupimia haimtoki shingoni, nadhani anaoga nayo. Akamsogelea wifi aliyekuwa ndiyo kwanza anapanda kutoka bondeni, pumzi juujuu, akamsalimu na kumuuliza anaitwaje. Kabla hajapata pumzi ya kujibu nikamjibia kutoka kwenye kiti: huyo haongei, baba. Bubu wa kuzaliwa.

Yaani sijui ilitoka wapi! Ilitoka tu, tamu kama ilikuwa imeiva.

Wifi akanitazama. Nami nikamtazama. Angesema "nani bubu?" ingekuwa imekwisha — angekuwa ameongea mbele yangu, ameshindwa. Akajifuta mikono kwenye gauni. Akatikisa kichwa kwa Bwana Futi, ndiyo, bubu.

Bwana Futi akampigia kelele: POLE SANA MAMA! Mtu mwenyewe anajua tofauti ya bubu na kiziwi? Nilikaribia kuanguka kwenye trekta kwa kicheko.

Ijumaa, 7 Juni

Kicheko kimenigeuka.

Bwana Futi amemletea kiti cha plastiki. Amemletea chupa ya chai. Amemletea glavu za ngozi, mpya, zile za njano. Mimi glavu zangu kidole gumba kimeshatoka nje kinasalimia watu, nani kaniona? Akisema naye anainama, anampigia ishara za ajabuajabu, na yeye anamjibu kwa ishara kama malkia. Anafurahia! Kasimulia lolote nyumbani? Hapana. Mwenyewe aliuliza kazi inaendaje, akamjibu kwa upole tu kwamba inaenda.

Anajua kubeba kitu, yule mwanamke. Nakiri hilo hapa tu.

Jumamosi, 8 Juni

Niliivuta kamba kabla ya mkono.

Niandike ilivyo. Alikuwa anapitisha mnyororo chini ya gogo, mkono wake uko bado kwenye kulabu. Bwana Futi ametupa mgongo, anapima. Nikavuta kamba nyekundu. Kidogo tu, shubiri moja. Nilitaka apige kelele. Nilitaka kusikia sauti yake ile nyembamba kama ya mtoto wa chekechea ikitoka mbele ya Bwana Futi, bubu wake aseme mama yangu wee!

Hakupiga. Mnyororo ulikaza, glavu ya njano ikabaki ndani, mkono ukatoka. Akauweka kwapani. Akafumba macho. Midomo ikawa mstari. Kisha akageuka, akatoka pembeni, akanyoosha mkono ule ule. Vuta.

Nikavuta. Ningefanya nini?

Jioni kucha la kidole cha kati limekuwa jeusi, kidole kimevimba. Mwenyewe akashtuka, dada umefanya nini? Amebanwa na mlango wa stoo, ndivyo alivyomwambia. Akanipitia na bakuli la maji ya chumvi bila kunitazama. Hakunificha kwa wema. Amenificha ili aniwekee. Sasa ana kitu changu mkononi na hataki hata kukitumia.

Jumapili, 9 Juni

Hakuna kazi. Nimetia grisi Kijeba, nimenoa msumeno. Waya wa winchi umeanza kuchanika nyuzi karibu na kulabu, wa kubadilisha. Wao wamekaa sebuleni wanakumbushana ya utotoni, mwenyewe anacheka. Nimekula jikoni, wima.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefanya jambo leo.

Saa ya chakula tulikaa kwenye magogo. Mimi, Bwana Futi, na wifi kwenye kiti chake cha plastiki, kidole kimefungwa kitambaa. Bwana Futi akaniuliza taratibu, kama mtu anayezungumza hospitalini: huyu mama ana familia? Ana watoto?

Ningesema sijui. Ningesema muulize kwa ishara zako.

Nikamwambia mumewe alimkimbia, akahamia kwa jirani, nyumba ya tatu tu, kila asubuhi anamwona anafungua geti la mwingine. Nikamwambia alipata mtoto mmoja baada ya kuhangaika sana, mtoto wa kiume, akaishi wiki moja. Nikamwambia alimfumia kofia ya sufu ya kijani, ikawa kubwa, ikabidi waikunje mara mbili ndiyo ikakaa kichwani, na alizikwa nayo imekunjwa vile vile.

Kila neno kweli. Wifi ndiye aliyeniambia, mwaka nilioolewa, ananisuka nywele, mimi nimekaa katikati ya miguu yake. Habari ya kofia hata kaka yake hajui. Tulipendana wakati ule, tulikuwa tunaazimana nguo.

Nilisema huku namtazama usoni. Alikuwa anatafuna. Aliendelea kutafuna, lakini nadhani hakumeza. Bwana Futi alitoa leso. Akamshika bega, akamwambia kwa sauti ya kawaida, safari hii bila kelele, pole dada yangu.

Nilijua navuka mpaka, nikavuka. Na nitaandika hili maana hakuna atakayesoma: kwa dakika mbili hivi nilijisikia vizuri sana.

Mchana alifunga mnyororo mara mbili palipohitaji mara moja. Kazi nyingine zote safi.

Jumanne, 11 Juni

Hakula jana usiku. Hakula leo. Nimemsikia chumbani anafungua masanduku — nikasema alhamdulillahi, anaondoka! Nilisimama koridoni nimetega sikio.

Alikuwa anapiga pasi gauni la kazi.

Mwenyewe ananiuliza mmefanyana nini? Nikamwambia muulize dada yako, ndiye anayejua kusema. Akanitazama. Sikuupenda ule mtazamo.

Jumatano, 12 Juni

Naandika nikiwa kwenye kiti cha Kijeba. Daftari nalificha hapa siku zote, kwenye kisanduku cha spana, maana nyumbani hakuna droo isiyopekuliwa. Nimezima injini. Kuna kimya, ndege mmoja tu.

Bwana Futi hayupo, kaenda kupeleka mbao. Tuko wawili.

Gogo la leo ni kubwa kuliko yote. Lilipanda vizuri hadi katikati ya mteremko, likakwama kwenye kisiki. Ngumi — nikasimamisha. Akashuka na mtaimbo, akalikwamua kisikini, kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Sasa gogo linaning'inia kwenye waya. Halijashikwa na kitu kingine. Ni waya huu, na breki ya winchi, na nyuzi zile zilizochanika ambazo nilisema nitabadilisha.

Alitakiwa atoke pembeni. Njia ipo, hatua chache, anaijua kama mfuko wake.

Hakutoka. Alitupa mtaimbo. Akaenda akasimama chini ya gogo, katikati kabisa, mgongo kwenye kile kisiki, uso kwangu. Akanyoosha mkono juu, ule wenye kitambaa.

Vuta.

Nikidhani hajaona alipo, nikampungia: pembeni, pembeni. Akanitazama tu. Mkono haukushuka. Ameona. Amepachagua.

Nikivuta, gogo litazunguka kwanza kabla ya kupanda, huwa linazunguka, na mkia wake utapita pale aliposimama. Nikiachia, linamshukia moja kwa moja. Nikikaa bila kugusa kamba, linabaki kuning'inia kwenye waya huu. Ndiyo maana nimezima injini nikatoa daftari, ajue nami nina subira. Kama ni kununa, tunune.

Muda umepita. Bado yuko pale. Gauni limepigwa pasi, mikunjo imenyooka. Nani anapiga pasi gauni la kuvutia magogo?

Simu inalia. Ni mwenyewe. Sipokei. Nitamwambia nini, dada yako kasimama?

Neno moja tu. Toka. Silabi mbili, hata si sentensi. Angetoka, naamini angetoka, angepanda huku taratibu, angenipita, na kuanzia leo mezani ningekuwa mimi niliyesema kwanza. Au nishuke nimvute mkono. Kushuka nako ni kusema.

Amepandisha dau yeye, si mimi. Hakuna aliyemweka pale.

Najua si kweli. Namwona mdomo umefumbwa vile vile alivyoufumba juzi anatafuna. Hanitishi. Ananiuliza. Ananiuliza nilichokuwa nataka siku zote hizi, na ananipa mkono juu ili nisiseme sikupewa ishara.

Namchukia. Niliogopa kuandika neno hilo, sasa nimeandika na mbingu haijaanguka.

Waya umelia sasa hivi. Uzi mmoja umekatika, umejikunja juu kama unywele uliochomwa. Gogo limeshuka kidogo, upana wa kiganja. Amelisikia. Amekaza mgongo kwenye kisiki.

Nimefungua mdomo. Neno liko hapa, kwenye ulimi. Liko hapa na nimeshika kalamu.

Uzi wa pili.

Mkono wake umeanza kutetemeka. Wangu hautetemeki. Nimetazama mwandiko wa ukurasa huu mzima, umenyooka vizuri kabisa