Kumi na Tatu

Mwanangu,

Huna haya. Mwalimu mzima wa hesabu, unafundisha watoto wa watu, na wako anafia mezani kwangu kwa swali moja.

Mimi mzima, goti tu linasumbua. Bati la jikoni nimeliziba.

Kidoti ana mtihani wa marudio Jumatatu. Akifeli tena, shule wanamtoa. Darasani wanarahisisha hizo namba changamano, zenye herufi i. Tatu jumlisha mbili i, zidisha kwa tatu toa mbili i: yeye anapata tano, kitabu huko nyuma kinasema kumi na tatu. Amerudia mara ishirini, tano tu! Mimi niliyeishia darasa la tatu nalinganisha majibu kwa kidole. Nikamwambia, "Kosea basi hata kwa namba nyingine!" Tulikuwa tunacheka. Sasa hacheki.

Nimetoa daftari lako la zamani sandukuni. Swali lilelile limo, na kumi na tatu umeipigia mstari. Ila pale i inapokutana na i, maji ya paa yamefuta wino. Njia unayo wewe kichwani.

Jana kachana daftari lake. "Bibi, baba angenitaka angekuja." Tangu tumzike mama yake hujakanyaga hapa. Najua mtoto kafanana naye, na kumtazama kunakuuma. Nimekutetea vya kutosha.

Dereva akikupa barua hii, usiandike majibu. Panda gari hilohilo urudi naye, ukae mezani, umwonyeshe mwanao hiyo tano inatoka wapi.

Mama yako