Chumvi Katika Habari ya Soko

Jumatatu, 3 Juni

Tangazo rasmi. Umma wote unajulishwa kwamba leo asubuhi, mbele ya mashahidi wawili na feni isiyozunguka, nimekabidhiwa kiti. Miguu mitatu mizima, wa nne umefungwa waya. Mhariri alinikabidhi kwa mkono wake. Akasema kikae hivyo hivyo, nisiegemee. Nikashukuru. Sikutoa hotuba.

Msicheke. Kule kwenye gazeti la kwanza nilikofanyia mafunzo sikupewa hata kiti. Nilisimama kando ya mashine ya fotokopi mpaka nikawa sehemu yake – watu walinipa karatasi bila kunitazama usoni. Nikatoka na cheti cha mahudhurio na vidole vyenye wino. Habari yenye jina langu juu yake: hakuna. Chuo kinataka angalau moja. Moja tu! Nikiikosa na hapa, narudia mwaka. Na Mama Mdogo, ambaye nalala sebuleni kwake, ameshasema sebule yake si bweni.

Ofisi ni vyumba vichache juu ya duka la viatu. Ngazi nyembamba, watu wawili hawapishani, mmoja lazima arudi nyuma. Gazeti la mkoa, linatoka kila Ijumaa. Yupo Mhariri, mama wa makamo, mlango wake umefungwa muda wote. Yupo Fundi Kurasa, anayepanga kurasa kwenye kompyuta huku anatafuna karanga. Yupo Dada wa Mapokezi. Na yupo Nguli.

Nguli ndiye mwandishi mkuu. Jina nimempa mimi, maana kila sentensi yake inaanza na "sisi manguli". Shati limepigwa pasi hadi mikunjo inaweza kukata mkate. Kanipokea vizuri mno. "Karibu, binti, hapa ni nyumbani. Ukiandika chochote niletee mimi kwanza."

Nikasema moyoni: mtu mzuri huyu. Naiandika hiyo hapa ili nije kujicheka.

Ijumaa, 7 Juni

Habari yangu imetoka! Ukurasa wa tatu, ile ya bomba lililopasuka. Nimekanyaga matope kwa ajili yake, viatu vimekufa. Neno kwa neno ni yangu. Hata nukta mkato yangu ipo pale pale nilipoiacha.

Juu yake jina la Nguli.

Nikamwendea. Hakushtuka! Kavua miwani, kaipuliza, kaifuta. "Binti, wasomaji hawakujui. Jina langu limeisindikiza tu habari yako, isiogope njiani."

Isiogope njiani.

Kisha, kama mtu anayenipa zawadi: "Na hiyo nukta mkato yako – mkoa mzima hakuna mwingine anayeitumia. Nimeiacha kwa heshima yako."

Nimekuja nyumbani kwa miguu ili hasira ipungue. Haikupungua, ila viatu vimeisha kabisa.

Jumamosi, 8 Juni

Mama Mdogo husoma gazeti kwa kuanzia nyuma. Husoma safu ya "Muulize Shangazi", basi. Kurasa zingine hufunikia ndoo. Kwa hiyo habari ya bomba sasa inafunika maji. Ina haki hiyo.

Leo kasoma kwa sauti. Mwanamke mmoja analalamika mumewe anakoroma. Shangazi kamjibu kwa upole, kamtania kidogo, kisha kamalizia kama anavyommalizia kila mtu: "Lakini kunywa maji kwanza, mwanangu." Mama Mdogo kapiga paja. "Huyu mama ana akili! Kazaa huyu, kalea huyu!" Akaniuliza, si uko naye ofisini, anafananaje?

Sijui. Hakuna anayejua. Pale mapokezi kuna sanduku la mbao, watu wanatumbukiza barua, majibu yanatokea gazetini. Dada wa Mapokezi anasema ni bibi mmoja mstaafu, hapendi kuonekana. Fundi Kurasa ukimuuliza anatafuna tu.

Ijumaa, 14 Juni

Amerudia. Habari ya zahanati isiyo na mlango. Safari hii kaongeza neno lake mwenyewe, "hata hivyo". Kaliweka pabaya.

Nikagonga kwa Mhariri. Hakuinua kichwa. Akasema gazeti ni familia, na kwenye familia hatuulizani nani kapika. Nimechunguza sana jambo hili: wanaosema hivyo ni wale wasiopika.

Kisasi cha kwanza, mchana. Nguli alipoenda msalani nikabadilisha viti. Nikampa changu chenye waya, nikakaa kusubiri kishindo. Kakaa mpaka jioni, mgongo wima kama mlingoti, hakuegemea hata kidogo! "Kiti chepesi hiki," akasema, akanirudishia.

Nikakaa. Nikafikiri. Nikaegemea.

Fundi Kurasa kacheka hadi karanga zikamwagika. Kiwiko changu kina uvimbe. Kisasi cha pili hakitakuwa cha fanicha.

Jumapili, 16 Juni

Nimemwandikia Shangazi.

Si kwamba naamini mambo hayo. Lakini ni nani mwingine mwenye akili katika gazeti lile? Nimebadilisha mambo ili nisijulikane. Barua hii hapa:

"Shangazi mpendwa. Ni binti ninayeishi kwa ndugu. Kila siku napika mimi. Dada mkubwa anabeba chungu, anakiweka mezani; anasema kapika yeye. Wageni wanamsifu; mimi naosha masufuria. Nikilalamika naambiwa hii ni familia. Nifanyeje? Wako, Aliyeungua Vidole."

Nimeandika kwa mkono wa kushoto. Nimeirudia kuisoma, nikajipa alama tisa kwa kumi. Zile nukta mkato zimekaa kama vito. Kesho naitumbukiza mapema, kabla hawajafika watu.

Ijumaa, 21 Juni

Kaiba tena. Habari ya mwalimu anayefundisha kuogelea bila bwawa. Na leo sikununa! Nilipita mezani kwake nikamwambia hongera, habari nzuri. Kanitazama juu ya miwani.

Kwa sababu Shangazi kanijibu. Juu kabisa ya safu! Mama Mdogo kamsoma huku kasimama:

"Mwanangu Aliyeungua Vidole. Usigombane naye mbele za watu, wewe ndiye utakayeonekana mwenye wivu. Ngoja siku ya wageni wengi. Siku hiyo tia chumvi kwenye chungu, chumvi ya kumtoa mtu machozi, kisha mwachie akibebe. Wataonja, watauliza nani kapika. Atajibu yeye. Lakini kunywa maji kwanza, mwanangu."

"Shenzi huyo dada mkubwa!" Mama Mdogo akapiga kelele. "Atie kilo nzima!"

Nikamuuliza, mama, kwani wewe ungetia?

"Mimi? Mimi ningetia na sabuni."

Nikaenda jikoni nikanywa maji, glasi nzima, kwa utii. Nilitaka kulia kidogo. Mtu asiyenijua kanielewa kuliko ofisi nzima.

Jumatano, 26 Juni

Siku ya wageni wengi imefika. Soko jipya limefunguliwa, habari ya ukurasa wa kwanza. Nguli kanituma mimi, yeye "ana vikao". Kikao nimekiona wakati naondoka: kiko kwa kinyozi.

Nimezungumza na Mwenyekiti wa wafanyabiashara. Kifua kama kabati. Sauti ya kuita mtu aliye mtaa wa pili. Mji mzima unamjua, nusu yake ameshagombana nayo. Kanivutia kiti – miguu minne! – kajibu kila nilichouliza, kanionyesha hadi vyoo. Mwisho akasema: "Na wewe unaitwa nani, nikutafute gazetini?" Nikamtajia. Akalirudia jina langu lote, taratibu, kama mtu anayelitia mfukoni. "Nitalitafuta."

Hutalipata, nikasema moyoni. Pole.

Nimerudi, nimeandika. Habari nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Halafu nikatia chumvi. Neno moja, aya ya tatu, mbele ya cheo chake: marehemu.

"Marehemu Mwenyekiti aliwaahidi wafanyabiashara kwamba atasimamia mwenyewe ufungaji wa taa."

Nguli hatagundua. Hasomi zaidi ya aya ya kwanza. Wiki iliyopita aliacha hadi maneno niliyojiandikia pembeni, "uliza tena tahajia", yakachapwa mkoa mzima ukayasoma. Ijumaa atakuwa amemuua Mwenyekiti kwa jina lake mwenyewe. Mhariri atafungua mlango. Nitakuwa nimekaa, sijaegemea, mikono mapajani, mtoto mwema.

Na baada ya hapo nani ataandika habari za ukurasa wa kwanza? Yuko mmoja tu aliyebaki.

Alhamisi, 27 Juni

Nimempa. Leo kasoma polepole, midomo ikichezacheza. Kalamu ilishuka, ikasimama mahali, na mimi pumzi ikasimama nayo. Kisha ikaendelea.

"Safi," akasema. "Sina la kugusa."

Ningeweza kuimba.

Mchana nikamkumbuka Mwenyekiti. Alisema ana mama mzee. Wazee wanasoma magazeti? Anasomewa? Nikajiambia atajitokeza tu, mtu wa ukubwa ule hafichiki, watacheka, wataombwa radhi. Haikunitosha. Nikainuka niende kwa Fundi Kurasa nilifute lile neno. Nilikuwa nimeshashika kitasa.

Ndani nikamsikia Nguli anacheka. Kile kicheko chake cha shati jipya! Yupo na Fundi Kurasa, wanachekea nini sijui.

Nikaachia kitasa. Acha ale.

Ijumaa, 28 Juni

Naandikia ofisini, daftari nimelipakata chini ya meza.

Nimefika wa kwanza. Gazeti liko juu ya kaunta. Soko, picha kubwa, kichwa cha habari kile kile. Aya ya tatu: marehemu, yupo. Juu ya habari, kwa herufi nzito: jina langu. Majina yote matatu!

Mwili ulifurahi kabla akili haijafika. Niseme kweli. Nililigusa kwa kidole. Nikawaza chuo, nikawaza Mama Mdogo atafunikia nini ndoo sasa. Kisha akili ikafika, imechelewa, inahema.

Nikamkimbilia Fundi Kurasa. Nani kabadilisha jina? Katafuna, kameza. "Nguli mwenyewe, jana. Alikuja kukaa hapa pembeni yangu akasema weka jina la binti, kapika mwenyewe, wageni wajue."

Alisema kapika?

"Kapika. Nikamwambia, mzee, siku hizi unaandika au unauza mgahawa? Tukacheka sana."

Simu hazinyamazi. Dada wa Mapokezi kaziba kipaza sauti kwa kiganja: wote wanauliza mazishi ni lini. Mmoja anataka kujua kama soko linafungwa kwa maombolezo, ana nyanya zinaoza. Mama yake Mwenyekiti kapiga pia. Huyo sikutaka kusikia alichosema, nikaambiwa hata hivyo: hakuamini, mwanawe alikuwa mbele yake anakunywa chai, lakini amemgusa mkono kuhakikisha.

Mhariri kaja, kapita, mlango kaufunga. Kisha – kwa mara ya kwanza tangu nifike – mlango umefunguka wenyewe, na umebaki wazi.

Hapo akaja Nguli. Shati jeupe, mikunjo mipya. Hakusema hongera, hakusema pole. Kaweka glasi ya maji mezani kwangu, taratibu, bila kumwaga tone. Akainama sikioni.

"Kunywa maji kwanza, mwanangu."

Akaenda mapokezi, akachukua lile sanduku la mbao, akakaa nalo kwake. Akalifungua kwa ufunguo wake mwenyewe, akaanza kusoma barua za watu.

Bibi mstaafu. Kazaa huyu, kalea huyu! Nimemshtaki mwizi kwa mwizi, kwa mkono wa kushoto, na nukta mkato zangu mbili nikazipanga kama vito ili asipate tabu ya kunitambua. Kanipa ushauri mzuri kabisa. Kabadilisha kitu kimoja tu, mwisho.

Sinywi hayo maji. Hata nikauke. Nitamlipa. Kisasi cha tatu nimeshakiona chote, mwanzo hadi mwisho, ni kikubwa, ni kisafi, hakina kiti wala chumvi, kinaanzia na lile sanduku –

Chini kuna sauti. Inasalimia duka zima la viatu. Wateja wamepiga mayowe, mmoja kaangusha kitu. Sasa ngazi zinalia.

Dada wa Mapokezi kachungulia, macho yamemtoka. "Una mgeni."

Nani?

"Marehemu. Anakuulizia kwa jina. Majina yote matatu."

Nguli hajainua kichwa kwenye barua zake. Mhariri yuko mlangoni. Ofisi hii ina ngazi moja.